Muulize Mjomba: Yadi ya nguzo imekufa, dawa bado ipo

Mwezi huu sikuwa na haja ya kuchagua barua, maana karibu zote zimekuja na kitu kimoja, yadi ya zamani ya kutia dawa nguzo za umeme huko mkoa wa Lindi, wenyewe walishafunga wakaondoka na eneo likabaki halina mtu. Jina la mwenye yadi nalijua, la kijiji pia, ila sitayaandika hapa, kuna mambo yako mezani kwa watu na sitaki kuyavuruga. Kwa wageni wa ukurasa huu, Mjomba alikuwa bwana afya miaka mingi kabla ya kustaafu, visima vya kusini nimevichungulia sana mpaka shingo imepinda. Tuanze.

Mjomba shikamoo. Mimi mpwa wako niko Lindi, kwetu kulikuwa na yadi wanatia dawa nguzo, wakafunga, mlinzi akakaa karibu mwaka bila mshahara na yeye akaenda zake. Mabati ya uzio yameng'olewa yote, limebaki pipa refu la chuma limelala na reli fupi mbele yake, na kuna sehemu hapaoti hata nyasi, udongo una ukijani kama kutu ya shaba, pembeni yake kuna sehemu nyeusi ukipita inanata na ndala. Watoto wanakatiza hapo kwenda shule. Kisima chetu kiko bondeni chini ya yadi, hatua kama mia mbili, na tangu mwaka juzi mvua ikinyesha maji yananuka kama vile vidonge vya kuweka kabatini, mume wangu anasema ni mawazo yangu tu. Watu wamebeba nguzo wamejengea mazizi, vile vipande vilivyobaki tunapikia. Nifanyeje? Mama Z.

Marahaba mpwa wangu. Kwanza mwambie huyo mkwe wangu kwamba pua yako ni nzima kabisa.

Sasa sikiliza, nitaanza na jikoni halafu ndo tuje kisimani, maana cha jikoni unaweza kukimaliza leo jioni. Acheni kupikia hivyo vipande. Leo hii, hata kama kuni zimeisha na ugali uko motoni, kaombe kwa jirani. Ule ukijani ni alama ya dawa inayoitwa CCA, ndani yake kuna shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ndiyo ile sumu ambayo watu wa zamani walikuwa wanawekea panya. Mti ukiungua sumu haiungui, nyingine inapanda na moshi na nyingi inabaki kwenye majivu, tena safari hii haijashikwa na mti tena, iko unga mtupu. Kule Marekani, jimbo la Wisconsin, kulikuwa na familia ya watu 8 wanaota moto wa mabaki ya mbao zenye dawa hii, kila msimu wa baridi wanaumwa, ngozi, kifua, misuli, nywele zinanyonyoka, joto likirudi wanapata nafuu, miaka inaenda hakuna anayejua ni nini mpaka madaktari walipokwenda kupima jiko lenyewe. Habari yao ilichapishwa kwenye jarida la madaktari mwaka 1984. Kwa hiyo na majivu yenu hayo msisugulie sufuria, msitie kwenye maharage ya mbegu, msimwage bustanini. Yanyunyizie maji kidogo yasipeperuke, funga usoni, yachote kwa koleo utie kwenye ndoo yenye mfuniko, iandike SUMU kwa herufi kubwa, iweke mahali mtoto na mbuzi hawafiki. Mbuzi na ng'ombe wanayapenda hayo majivu kwa sababu yana chumvichumvi, wakiyalamba wanakufa.

Pale peusi panaponata ni habari nyingine. Ile ni kriosoti, inatoka kwenye lami ya makaa ya mawe, na ndani yake kuna mamia ya kemikali, mojawapo ndo naftalini, hiyohiyo ya vidonge vya kabatini. Sasa unaelewa kwa nini kisima kinanuka hivyo. Inaelekea yadi yenu walitumia dawa mbili, labda kwa nyakati tofauti, na hilo linafanya kazi iwe ngumu kidogo, kwa sababu dawa hizi mbili hazisafiri kwa njia moja. Kriosoti ni nzito kuliko maji. Watu wanadhani mafuta yote yanaelea, hii inazama, inapenya mchanga inashuka polepole mpaka ikutane na udongo wa mfinyanzi, pale inatuama kama dimbwi lililofichwa chini na kila mwaka inayaachia maji kidogo kidogo, miaka 50 inaweza. Aseniki yenyewe inashikwa na udongo, hasa ule mwekundu wenye chuma kama wa huko juu Makonde, lakini kwenye mchanga mweupe wa pwani haina pa kushika sana, inateremka na maji.

Kisima basi. Msinywe wala kupikia mpaka yapimwe. Na nisikilize vizuri hapa, usichukue chupa ya soda ukajaza maji ukapeleka kwa mtu yeyote anayesema ana kipimo. Kipimo cha kawaida cha kisima kinatafuta vimelea vya kinyesi na chumvi, kitakuja na karatasi imeandikwa maji safi na wala hakikudanganya, hakikuulizwa swali hilo. Lazima waambiwe wapime aseniki, kromiamu na shaba, na halafu kwa chupa nyingine ya kioo cheusi, iliyowekwa kwenye barafu, wapime hizo kemikali za kriosoti, na kama kuna mtu anakumbuka madumu yaliandikwa penta au PCP, hiyo ni dawa nyingine ya mbao, wapime na hiyo. Nenda kwa afisa afya au afisa mazingira wa halmashauri, andika barua siyo kuongea tu, nakala peleka RUWASA maana ndo wenye maji ya vijijini, na nakala NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana ofisi ya kanda hapo Mtwara. Sampuli zenyewe zinakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Ukitaka kujua kwa nini nakazania hivi, Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha aseniki kwenye maji ya kunywa mikrogramu 10 kwa lita. Piga hesabu, gramu moja tu, kitu cha kuchota kwa ncha ya kisu, inatosha kufikisha simtanki 100 za lita 1,000 kwenye kiwango hicho. Na haina rangi, haina ladha, haina harufu. Mna bahati kwamba na kriosoti ipo, angalau inanuka.

Watoto wapite njia nyingine. Kama hamna, fungeni hata miba. Na wenye mimba wanaopenda kula udongo, jamani, msichimbe udongo wowote upande ule.

Mjomba, mimi ni mwenyekiti wa kitongoji. Baada ya kusikia hayo mambo ya yadi wananchi wamekuja juu, tumepanga Jumamosi tupige msaragambo, kila kaya itoe mtu na jembe, tukwangue udongo wote mbovu tuutupe kwenye korongo halafu mvua zikianza tupande miti. Nimeambiwa nikuulize kwanza.

Mwenyekiti nakupongeza, na ahsante sana kwa aliyekwambia uulize. Ahirisha.

Najua unavyojisikia, umeshatangaza, umeshapiga mbiu, sasa utaonekana umetishwa na mtu wa gazeti. Lakini fikiria utakachofanya. Watu mia moja na majembe, ndala miguuni, kiangazi hiki vumbi linaruka mpaka juu, wataingia nalo mapafuni, watakwenda nalo nyumbani kwenye khanga na kwenye nywele, na ule udongo mtautupa kwenye korongo ambalo Desemba mvua ikifungua linakuwa mto. Badala ya uchafu mmoja sehemu moja utakuwa na uchafu kuanzia yadi mpaka mikokoni. Uchafu wa namna hii una miguu mwenyekiti, miguu yake ni maji, upepo, na sisi wenyewe na magunia yetu. Kazi ya kwanza ni kuufunga miguu, kuuondoa kunakuja baadaye sana.

Ngoja nikupe kisa. Pensacola, Florida, kulikuwa na yadi ya kutia dawa miti kama hiyo yenu, kubwa zaidi, ilifanya kazi kuanzia 1942 mpaka 1982 halafu wenyewe wakaondoka. Serikali ikaja kuchimba mwaka 1991 na 1992, wakatoa udongo mbovu karibu mita za ujazo 195,000, wakaurundika palepale wakaufunika plastiki. Watu wa mtaa wakauita Mlima Dioksini, kwa jina la sumu iliyokuwamo kwenye ule udongo. Waliokuwa wanaishi ukuta kwa ukuta na ule mlima walilalamika kwamba uchimbaji wenyewe umewaletea maradhi, wakapigania kuondoka, na mwisho zikahamishwa kaya 358. Udongo ule ulikaa kwenye rundo zaidi ya miaka 10 kabla haujafukiwa kwa mpango. Na hao ndo wenye hela, wenye mashine na sheria maalumu ya kusafisha maeneo kama haya tangu 1980.

Sasa unauliza nini kinatakiwa. Anza na wazee, tafuta mtu aliyefanya kazi pale, kuli, dereva, mpishi, yeyote, mkae naye chini ya mwembe akuchoree mchangani yadi ilivyokuwa. Kazi ya pale ilikuwa hivi: nguzo iliyokauka inapakiwa kwenye toroli, inasukumwa kwa reli inaingia kwenye lile pipa refu, mlango unafungwa kwa boliti, pampu inanyonya hewa iliyomo ndani ya mti, halafu dawa inaachiwa na kusukumwa kwa presha mpaka mti unashiba, dawa iliyobaki inarudishwa tangini, mlango unafunguliwa, toroli inatoka inachuruzika. Hapo kwenye kuchuruzika ndo penye kesi. Yadi ya maana ina sakafu ya zege yenye mfereji unaorudisha matone, yadi za ubabaishaji nguzo zinachuruzikia ardhini wiki nzima, kila siku, miaka na miaka. Kwa hiyo mzee wako akuonyeshe mlango wa pipa ulikuwa wapi, nguzo mbichi zililazwa wapi, dawa ilichanganywa wapi, shimo la matope ya tangini liko wapi. Ukishajua hizo sehemu nne, mtu wa maabara atachimba vijishimo vyake hapo na siyo kuhangaika na heka zote, na utakuta mara nyingi eneo bovu kabisa ni dogo kuliko hofu ya watu, ingawa limekwenda chini.

Msaragambo wako usiupoteze, ubadilishe. Watu wachimbe mfereji wa kukinga maji NJE ya yadi, upande wa juu, kwenye udongo safi, ili mvua ya mlimani izunguke isipite katikati. Wafunge uzio. Waweke mbao za onyo, zenye fuvu, maana si kila mtu anasoma. Zile sehemu mbovu zifunikwe maturubai na mawe juu, ila wanaokwenda kufunika wawe wachache, wazima, wenye buti, glavu na barakoa, chini ya afisa afya, na hayo maturubai yasije kurudi kuanikia korosho, nawajua nyie. Hivyo mtakuwa mmenunua muda.

Baada ya hapo ni kazi ya wataalamu na ina njia kadhaa, nitakuambia kwa ufupi ili wakija usidanganywe. Udongo wenye aseniki mara nyingi unachanganywa na madini ya chuma na saruji unaganda, sumu iko ndani lakini haitoki na maji. Au unachimbwa unapelekwa kwenye dampo maalumu lenye plastiki nzito chini na juu, dampo la halmashauri siyo hilo. Udongo wa kriosoti unaweza kutandazwa kwenye sakafu iliyozungushiwa kingo, ukatiwa mbolea, ukalimwalimwa upate hewa, bakteria wakaula, ni kweli wanakula, ila wanakula vile vyepesi na vile vizito vya hatari zaidi vinabaki, kwa hiyo mkiambiwa miezi 6 imekwisha ombeni vipimo. Kriosoti iliyozama chini inavutwa kwa pampu kupitia visima na inachujwa, na hiyo haina haraka. Kisiwa cha Bainbridge huko Washington kiwanda kiliacha kazi 1988 na miaka 30 baadaye walikuwa bado wanaivuta. Pale nako ni ufukweni kama kwetu, ikabidi mpaka wafunike sakafu ya bahari kwa mchanga safi.

Na nani analipa? Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema anayechafua ndiye anayelipa, na ipo amri ya kumlazimisha mtu arudishe mazingira yalivyokuwa. Kumpata mwenyewe ndo shughuli. Tafuta hati ya kiwanja, tafuta mihtasari ya serikali ya kijiji ya wakati wanapewa ardhi, hiyo karatasi ina jina na sahihi. Kusini tuna historia ya kuachiwa vitu, mpango wa karanga wa Waingereza ulifutwa 1951 na vyuma vikabaki Nachingwea, lakini wakati ule hatukuwa na sheria, sasa hivi tunayo.

Miti panda, lakini siyo ya matunda na siyo sasa.

Mambo Mjomba. Kuna jamaa zangu wananiambia lile pipa la yadi ni tani kadhaa, mimi nafanya biashara ya skrepa hapa Mtama, mitungi ya gesi ninayo, kulikata ni siku mbili. Halina mwenyewe. Nikilikata si ndo nawasaidia kusafisha?

Poa mpwa. Hilo pipa lina mwenyewe, asipolidai leo atalidai siku utakapokamatwa nalo, lakini hilo siyo la kukuambia mimi.

Ndani ya pipa lile chini kuna matope yaliyoganda, mchanganyiko wa dawa, vumbi la mbao na maganda, mengine yana unene wa kiganja. Wewe utaingia na moto wa gesi. Kama ni kriosoti utapata mvuke unaowaka ndani ya chombo chenye mlango mmoja. Kama ni CCA utaichemsha aseniki halafu uivute, na mle ndani hakuna upepo, mtu wa kwanza akianguka mwenzake anaingia kumwokoa na yeye anaanguka, hii nimeiona kwenye mashimo ya vyoo mara mbili, sitaki kuiona mara ya tatu. Pipa linatolewa baada ya matope kukwanguliwa na watu wenye mitungi ya hewa mgongoni, kuoshwa, na maji ya kuoshea kukusanywa, na yote hayo yanahitaji kibali kwa sababu ni taka hatarishi. Ukitaka hela halali ya hiyo kazi subiri mkandarasi aje, jiandikishe kuwa mnunuzi wa chuma kilichooshwa. Na kama umeshabeba vile vidumu vya plastiki vya dawa vilivyokuwa stoo, usiuze vya kuwekea maji, nakuomba sana. Nimeshasikia vimeonekana mnadani.

Habari ya kazi Mjomba, mimi fundi seremala Mikindani. Nimeletewa nguzo kama 12 za zamani kutoka huko Lindi kwa bei ya kutupa, nimezipasua mbili nimetoa mbao nzuri tu. Pumba zake mke wangu ametandika kwenye banda la kuku. Zina shida? Halafu lingine, sisi mbao za kupaulia tunapaka oili chafu ya gari mchwa wasile, nayo ni hatari?

Nzuri fundi. Zina shida, ndiyo, na shida kubwa ni hiyo misumeno yako. Nguzo nzima iliyosimama imetulia, dawa imekaa kwenye mti, ukiigusa unanawa mikono basi. Ukiipasua unatoa vumbi jepesi lililojaa dawa, linakwenda kwenye pua, kwenye jasho, kwenye chai ya tangawizi iliyo juu ya benchi. Hizo 10 zilizobaki usizipasue. Zitumie nzimanzima, mhimili wa uzio wa shamba, siyo meza, siyo kitanda, siyo kichanja cha vyombo na kabisa siyo mzinga wa nyuki.

Pumba zitoke bandani leo. Kama hizo nguzo zilikuwa za ile dawa ya penta nakuambia kitu utashangaa, ukungu wa bandani unaibadilisha ile dawa kuwa kitu chenye harufu ya kuvunda na nyama ya kuku na mayai vinashika hiyo ladha, Waingereza ilishawatokea miaka ya 60 na 70 wanauza kuku wenye ladha ya godauni. Afadhali ladha, kwa sababu penta za kiwandani zina dioksini ndani, na dioksini inakaa kwenye mafuta, kwenye kiini cha yai, haionjeki. Dunia ilikubaliana kuipiga marufuku penta mwaka 2015 kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa sumu zisizooza, wakabakiza ruhusa ya muda kwa nguzo za umeme tu. Kuku wakae mbali na yai lisiliwe kwa sasa, mwone afisa mifugo. Pumba weka kwenye gunia la plastiki, usichome.

Oili chafu, aaah fundi, hilo nalijua, na mimi nyumba yangu ya kwanza niliipaka. Siyo ya kulinganisha na aseniki, lakini ina risasi kidogo na masizi ya injini yenye kemikali za jamaa yake kriosoti, inachafua mikono yako kila siku na haiingii ndani ya mti, inakaa juu tu, mchwa anapita kwenye ufa. Mpaulie mtu msonobari uliotiwa dawa vizuri na kukaushwa, mbao ikiwa bado mbichi inalowanisha kiganja usiipokee. Au kama ana uwezo mpe mninga, mvule wa Rondo wenyewe siku hizi utaupata wapi. Miti yetu hii ilizaliwa na dawa yake. Wazungu walitafuta namna ya kuupa msonobari kitu ambacho mpingo anacho bure, ndo tukafika huku.

Mjomba naomba majibu ya haraka: maji ya kisima yakichemshwa? Waterguard? Chokaa kwenye udongo? Na kuna mtu anasema kuna mmea unakula aseniki, ni kweli? Binti wa Ng'apa.

Kuchemsha, hapana, maji yanapungua sumu inabaki, unaifanya kali zaidi. Waterguard inaua vijidudu, aseniki siyo kijidudu, haifi. Salfa ya mikorosho ukiinyunyiza inafanya kazi yake inakwisha nguvu, aseniki yenyewe haiozi, haichachi, mwaka elfu ujao bado ni aseniki. Chokaa usitie bila kipimo, kuna hali inaifanya aseniki iachie udongo iende na maji badala ya kuituliza.

Mmea upo, kweli kabisa, ni aina ya kangaga linaitwa Pteris vittata, watafiti wa Florida walitangaza mwaka 2001 na unajua waliliokota wapi, kwenye yadi ya zamani ya kutia dawa mbao. Lilikuwa limeota pale limenawiri. Linavuta aseniki kwenye majani. Ila linakwenda kwa miaka, linafika pale mizizi inapofika tu, na jani lenyewe likishashiba ni sumu unayotakiwa kuivuna na kuipeleka dampo maalumu. Na usilipande halafu ukaachia mbuzi.

Hapa hapa nimjibu na yule wa Kisamvu Stendi, ameuliza kama majani ya mihogo yaliyo jirani na yadi yanalika. Tatizo kubwa ni vumbi lililokaa juu ya jani na udongo ulionata kwenye muhogo wenyewe. Mita chache kutoka kwenye uzio usivune. Mbali zaidi osha mara tatu kwa maji safi, menya ganda lote, na msubiri kipimo cha udongo kabla ya msimu ujao.

Mjomba Mkubwa, sisi ni timu ya vijana, uwanja wetu uko mbali na yadi lakini magoli yote mawili tumejenga kwa zile nguzo, tena tumezichimbia na zege. Wazee wanataka tuzing'oe tuzichome. Nahodha.

Msing'oe na msichome, waambieni wazee Mjomba amesema. Nguzo iliyonyeshewa mvua miaka na kusimama peke yake uwanjani haimdhuru mtu anayekimbia mita 30 kutoka hapo. Pigeni rangi ya mafuta nguzo nzima, mrudie kila mwaka kabla ya mvua, msikwangue wala kupiga msasa kabla ya kupaka, futeni tu na tambara lenye maji halafu tambara litupwe kwenye lile gunia la fundi. Msikate kipande cha juu hata kama goli limezidi urefu. Ila kipa, yeye ndo anayekumbatia mwamba na kuegemea mechi nzima, asile karanga za mapumziko kabla hajanawa mikono.